Likizo ya Mgema

Mnazi hauna ofisi. Hauna meneja wa kumwandikia barua ya ruhusa, wala haujui Jumapili. Ukishalikata karara lake, lile ua lililojifunga kabla halijawa nazi, umejifunga nao kama mbuzi na kigingi. Asubuhi uupande, adhuhuri uupande, jioni uupande, na kila mara ulichonge karara kidogo kwa kisu ili kidonda kibaki kibichi na tembo lidondoke kibuyuni. Ukikosa siku chache tu, kidonda kinafunga na karara linakauka. Mpaka lingine likomae, watoto wameshajua njaa ni nini.

Kwa hiyo Mwaringa, mgema wa Mnarani, alikuwa juu ya mnazi siku mkewe Damaris alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Kadzo. Walimfanyia upasuaji ng'ambo ya daraja, hospitali. Damaris alipozinduka kutoka usingizi wa dawa, aliyemshika mkono alikuwa mama mmoja mfagiaji, ufagio ameuegemeza kitandani. Mwaringa alifika magharibi, ananuka tembo, miguu imechubuka kwa magome. Damaris hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Sasa mimba ya pili ilikuwa imeiva. Daktari alikwisha sema itakuwa upasuaji tena, na baada yake asiiname wala asinyanyue ndoo mpaka apone vizuri. Mamake Damaris alikuwa Jilore na mguu uliovimba, hata kisimani hafiki.

"Baba Kadzo," Damaris alimwambia, amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele, "sikuombi leso mpya. Sikuombi hata kuku wa uzazi. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe. Kisha unisaidie nyumbani mpaka nisimame."

"Utaniona."

"Hata mara ile ulisema hivyo hivyo."

Mwaringa akainama akaokota chuya, moja moja, kama mtu aliyetumwa kuzihesabu.

Mwalimu Simeon, jirani yao, alipopata mtoto alipewa likizo ya baba, wiki mbili nzima, na mshahara ukaingia kama kawaida. Watu walimwona akianika nepi uani huku anapiga mluzi. Mwaringa alimcheka siku zile. Sasa alimwonea wivu. Serikali inawajua walimu. Wagema inawajua siku ya msako wa pombe tu.

Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumshikia minazi yake. Naye ni Ziro.

Ziro alikuwa mgema kama yeye, na minazi yao ilipakana. Kila mtu akiwa juu ya wake, walikuwa wakitupiana maneno kutwa. Ziro husema Mwaringa anachonga karara kama mtu anayemenya muhogo. Mwaringa husema tembo la Ziro hata nzi hulionja akaomba maji. Na siku zote Ziro ndiye aliyenyamaza kwanza, maana Mwaringa alikuwa na ulimi usiochoka.

Mwaringa alimngoja ashuke.

"Ziro, ndugu yangu, nina shida."

"Ukiniita ndugu najua shida ni kubwa."

"Mama Kadzo yuko karibu. Nataka nikae naye mpaka apone. Nigemee minazi yangu. Tembo lote ni lako, uza utakavyo, sitaki hata kibaba. Mimi nataka makarara yasikauke tu."

"Lote?" Ziro alimeza mate. Kisha akainua macho, akaiona ile minazi ya Mwaringa, na uso ukambadilika. "Hapana, bwana. Tafuta mwingine. Mimi bado nayapenda maisha."

Mwaringa alijua ameona nini. Katikati ya kila shina palifungwa kitambaa cheusi kilichochakaa, na unyoya wa kuku umechomekwa. Lilikuwa kago, dawa ya kuzuia wezi. Mwaka juzi wezi wa tembo walimsumbua sana, ndipo siku moja akaifunga ile minazi na kutangaza kwamba kago amelitoa kwa mganga mkubwa wa Magarini: atakayepanda mnazi usio wake, tumbo litavimba kama ngoma. Haikupita juma, mzee Kavumbi akavimba tumbo, akagaagaa na kukiri mbele za watu kwamba aliiba kibuyu kimoja. Tangu hapo hata ndege walipita mbali.

"Lile si kago," Mwaringa akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nawatisha wezi tu."

"Ndivyo mnavyosema mkitaka mtu afe. Na tumbo la Kavumbi?"

"Nitavivua vile vitambaa, wewe ukiona."

"Wewe ni mwenyewe, halikudhuru. Mimi je? Kama si dawa, ni nini basi?"

Hilo lilikuwa la kumwuliza mkewe kwanza. Mwaringa akageuka, akaenda moja kwa moja nyumbani.

"Mama Kadzo," alisema akiwa mlangoni, "unalikumbuka shimizi lako jeusi lililopotea?"

"La lesi? Nililogombana na jirani juu yake?"

"Halikuibwa. Liko minazini."

Damaris alimtazama. Akatazama nje, kule minazi iliko. Halafu kicheko kikamshika, akashikilia tumbo kwa mikono miwili na machozi yakimtoka. "Mganga wa Magarini!" alisema. "Ndiye mimi!"

"Nikitaka Ziro apande, itabidi niseme. Watu wote watajua."

"Kaseme. Bora wanijulie shimizi kuliko nizae peke yangu tena."

Jioni hiyo Mwaringa alivivua vitambaa vyote, akaenda navyo mangweni kwa Pamela, pale watu wanaponywea tembo. Pamela ndiye mwenye mangwe, na asubuhi huuza mitumba. Ziro alikuwepo. Kavumbi naye alikuwepo, kama ilivyo ada. Mwaringa akavimwaga vitambaa mezani. Watu wakaruka nyuma, mmoja akamwaga kata yake.

"Msikimbie," akasema. "Hakuna kago. Hili ni shimizi la mke wangu. Nililichana mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeamini. Lakini Pamela alisogea, akakigeuza kitambaa kimoja kwa ncha ya kidole, akakiinua kwenye taa.

"Ngojeni. Hii lesi naijua. Shimizi hili nilimuuzia Damaris mimi mwenyewe, na pindo nilimshonea kwa uzi wa kijani. Huu hapa!"

Mangwe lote likalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ziro peke yake ndiye aliyesimama wima, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwaringa! Miaka yote hii nazunguka njia ya mbali, mvua inaninyeshea, naogopa shimizi?"

"Na tumbo langu?" akauliza Kavumbi.

"Ulikula embe mbichi, mzee wangu," Mwaringa akamjibu. "Tulikuona."

"Lakini sasa umejimaliza," Ziro akasema, hasira zimeanza kumpungua. "Wezi watarudi kesho."

"Na warudi. Tembo likiibwa leo, kesho linadondoka lingine. Mwanangu hazaliwi mara mbili."

Kelele zikapungua. Ziro alichukua kipande kimoja, akakitazama, akakirudisha mezani kwa adabu.

"Nitapanda," akasema. "Si kwa ajili yako, muongo wewe. Ni kwa ajili ya mama Kadzo. Shimizi lake nimeliheshimu muda mrefu kuliko ninavyomheshimu mama mkwe."

Siku ya upasuaji, Damaris alipofumbua macho, mkono uliomshika ulikuwa mgumu kama gome, na aliujua kabla hajageuza kichwa. "Wa kiume," Mwaringa alisema, akamsogezea mtoto.

Nyumbani aliteka maji, akafua, akapika uji wa pilipili manga ukaungua, akapika mwingine. Walikula muhogo wa shambani, na samaki mdogo mdogo siku alipopatikana. Damaris alipotaka kuinuka alimwinua kwa makwapa, polepole, na Kadzo akamsogezea mamake kandambili. Adhuhuri ikifika, miguu ilimwasha Mwaringa, imezoea kupanda. Akatulia tu.

Mchana mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka, mtoto amelala juu ya kifua chake, Damaris amejinyoosha kando yao. Kutoka juu ya minazi ikaja sauti ya Ziro.

"Wee Mwaringa! Nani alikufundisha kufunga karara? Hili umelifunga kama mzigo wa kuni! Unanisikia? Mgema gani wewe!"

Jibu lilikuwa tayari. Tena lilikuwa tamu, lenye mama mkwe ndani yake. Mwaringa akafungua kinywa, mtoto akajikunyata, akashusha pumzi.

Mwaringa akakifunga kinywa.

"Huna la kusema leo?" Ziro akapiga kelele kwa furaha. "Nimekushinda!"

"Umeshindwa, baba Kadzo," Damaris akanong'ona.

"Nimeshindwa," akanong'ona naye, na hakusogea.