Kilele Kwenye Mrija Mtupu

Mjane aliyeosha vyombo vya maabara alikuwa ndio kwanza anaingia na trei ya mirija ya kioo, akamsikia fundi wa mashine ya kupimia mafuta akimwambia mtafiti wa mwani, "Dada, mrija mtupu una mafuta."

"Mtupu uwe na mafuta umeyatoa wapi?" mtafiti aliuliza. "Sikuutia mwani hata chembe; ni wa kupimia usafi tu."

"Unaniuliza mimi? Mashine haina haya, inasema ilichokiona." Fundi akagonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Tazama mstari ulivyopanda, kilele hiki. Ni asidi iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Au mwani wako siku hizi unakula nazi?"

Mtafiti hakucheka. Mwani wa tangini ulikwisha kufa kwa joto, na unga wake wa kijani uliobaki kichupani ulitosha kupimwa mara moja tu. Ukichafuka huo, kazi yake yote imekwenda na maji.

Mjane aliiweka trei mezani. Kichupa cha mafuta ya nazi kilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Tangu juzi, sabuni ilipobadilishwa, viganja vilikuwa vikimpasuka hadi damu, naye akijipaka kila akimaliza kuosha. Kisha, kwa kuwa glavu huteleza, huipanga mirija kwa mikono mitupu: kidole ndani ya kila mdomo, ibebeke mingi kwa mpigo.

Akinyamaza, nani atajua? Watailaumu dawa ya kupimia, watailaumu mashine. Na kazi hii ndiyo iliyowaweka wanawe shuleni tangu baba yao atangulie mbele ya haki. Mola wangu, nipe ulimi, aliomba.

Mtafiti alichukua mrija kutoka kwenye trei ya mjane. "Naendelea hivyo hivyo. Mkuu wa maabara anataka jibu leo." Akafungua kichupa cha unga.

"Usimimine, mwanangu!"

Fundi akaruka. "Kulikoni, mama? Umeona nyoka?"

"Nyoka ni mimi." Akavinyoosha viganja vyake vinavyong'aa. "Najipaka nazi, halafu natia vidole humo. Tangu juzi."

Mtafiti alikifunga kichupa taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Basi na vipimo vya jana ni vya kutupa," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha mjane zaidi.

Walifungua boksi la mirija mipya, wakaisuuza kwa dawa inayoyeyusha mafuta, wakapima tena mrija mtupu. Mstari ulitambaa kwenye kioo. Pale palipokuwa na kilele cha nazi ukapita chini, umelala kimya.

"Kesho, mama, utafagia ofisi za juu. Vyombo atashika mwingine," mtafiti alisema.

"Sawa, mwanangu. Naweza kubaki nione?"

"Baki. Ila usiguse kitu."

Akaificha mikono kwapani, akasimama ukutani, midomo ikicheza kwa dua, huku unga wa kijani ukishuka mrijani.