Sauti Zilizonasa kwenye Feni

Saa nne kasoro robo asubuhi laptopu ilizimika kwa mara ya tatu, ingawa walikuwa wameipandisha juu ya sufuria iliyofudikizwa ili ipate hewa kwa chini, na mama wa familia akiipepea kwa kipande cha boksi. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba paka, ambaye huilalia kila siku, alikuwa amehamia dirishani.

Ilichagua siku mbaya. Saa tisa alasiri kijana wa kwanza wa nyumba ile alitakiwa chuoni, mbele ya jopo, kuitetea tasnifu yake ya udaktari: kurasa mia mbili na arobaini kuhusu maji ya mvua yanakopotelea mijini. Walimwita Msomi tangu akiwa na miaka tisa, siku alipovaa miwani, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumtuma dukani. Tasnifu yenyewe iliandikwa na mdogo wake wa kike, Kitinda, aliyeacha chuo mwaka wa pili ili amsaidie kaka kidogo. Kidogo hicho kilichukua miaka minne. Nyumbani jambo hilo halikuwa siri wala habari. Lilikuwa kama meza yao ya chakula, yenye mguu mmoja mfupi: kila mtu alijua upande wa kutoegemea.

Fomu ya Kitinda ya kurudi chuo ilikuwa imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Ilibaki sahihi ya mdhamini tu, na mdhamini ni kaka. Mwisho wa kuirudisha chuoni ni kesho.

Fundi Brashi alifika na mkoba wake na miwani yake ya kuonea skrubu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kanuni moja: chochote anachokitoa ndani ya kifaa cha mtu hukirudisha mkononi mwa mwenyewe, asije akasemwa mitaani kwamba kaiba. Hata vumbi hurudisha.

Akachomoa chaja, akatoa betri, akafungua skrubu kumi na moja na kuzipanga ndani ya kifuniko cha mkebe wa siagi. Akayazuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, akayapiga brashi. Nyuma ya feni, vile vijibati vya shaba vilivyosongamana kama meno ya kitana vilikuwa vimezibwa na ukuta wa vumbi, mzito kama blanketi. Akachokoa donge la kwanza kwa kibano, akaliweka juu ya gazeti.

Donge likapiga mwayo, kisha likasema kwa sauti ya Kitinda, "Sura ya kwanza. Ee Mungu, mgongo wangu."

"Feni huvuta pumzi ya anayekaa mbele yake," Fundi akaeleza, huku akitafuta la pili. "Juzi nimetoa kwa mwalimu mkuu mmoja kikohozi cha muhula mzima."

La pili lilieleza habari za mitaro. La tatu lilikuwa na mafua. Mama akasema hilo ni la mwezi wa sita, alimpaka dawa kifuani na bado akapiga chafya hadi ukurasa wa tisini.

Hapo Msomi akavuta kiti akaja na daftari. Sura ya nne alikuwa hajawahi kuisoma. Alimwomba Fundi ayatoe madonge kwa mpangilio, bila haraka, naye akawa anaandika. Alipopitwa na kitu alilitaka donge lirudie, lakini madonge hayarudii kwa kuombwa, kwa hiyo Kitinda, aliyekuwa pembeni akimpigia kaka pasi shati la kuendea kwenye jopo, akarudia yeye kwa niaba ya donge.

La mwisho lilikuwa dogo, jeusi, gumu kama kokwa. Fundi alililainisha kwa tone la spiriti ndipo likatoka. Hili lilisema kwa sauti ya Msomi mwenyewe, changa kwa miaka minne.

"Kitinda, nimalizie hii tu. Siku nikiitetea, jioni yake nakusainia fomu urudi chuo. Mama shahidi."

Mama akasema ni kweli alikuwapo, alikuwa anachambua mchele pale pale mlangoni.

Msomi akafunga daftari. "Hilo halimo kwenye tasnifu. Tupa, fundi."

"Mimi situpi. Narudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Risiti ina jina langu."

"Laptopu yako, kaka. Sauti pia yako," Fundi akasema. "Ila ahadi alipewa huyu." Akalidondosha donge kiganjani mwa Kitinda, akafuta prosesa, akaipaka dawa mpya ya kupitishia joto, akarudisha skrubu zote kumi na moja. Laptopu iliwaka, ikatulia, ikawa baridi kama sahani. Paka alikuja kuilalia, akaona hasara, akaenda kulala karibu na pasi.

Saa kumi na moja Msomi alirudi akiwa daktari. Jopo lilimsifu hasa kwa mitaro. Jioni wageni walijaa sebuleni. Mama, ambaye hajawahi kutupa chochote kinachofanana na pamba, alikuwa ameyashindilia yale madonge ya gazetini ndani ya foronya na kupata mto wa kiti. Mjomba alipoukalia, chini yake kikasikika kipande cha sura ya pili.

"Nyumba hii hata mito imesoma," mjomba akasema, akaomba soda nyingine. Hakuna aliyeuliza sauti ile ni ya nani.

Wageni walipopungua, Kitinda alibandua fomu kwenye friji, akaileta mezani pamoja na kalamu, akaliweka lile donge jeusi mbele ya kaka. Bila kuombwa, donge likarudia maneno yake yote. Msomi alilisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama jopo lilivyomsikiliza yeye.

"Nakumbuka kabisa," akasema. "Lakini unaona leo nina wageni. Halafu, mdogo wangu, jopo wanataka tasnifu niifanye kitabu."

Akamsogezea laptopu. "Sasa haipati moto hata kidogo. Utaandika kwa raha."

Meza ikayumba. Msomi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliikunja fomu mara nne, akainama, akaisukumiza chini ya ule mguu mfupi. Akaijaribu meza kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile ilisimama sawasawa, na mama akamshukuru.

Kitinda akakaa, akafungua ukurasa mweupe, akashusha pumzi. Feni, safi kabisa, ikaivuta yote.