Flaiwili Iliyopigiwa Kura

Mwaka wa 1984 mwenyekiti Thuku alileta gerejini kwangu, hapa Malindi, flaiwili iliyokwisha tumika aliyoinunua Mombasa. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha hata ndani ya matundu ya bolti, ikameta kama sufuria ya harusi. Nyuma yake walikuja wanakamati wanne wa chama chao, pamoja na Musembi, dereva wa pikapu ya chama.

"Fundi Badi, ifunge," alisema Thuku. "Kesho tunapeleka mahindi Adu."

"Nitaitazama kwanza, mwenyekiti."

"Nimeshaitazama mimi."

Sikubishana naye. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililoko nyuma ya injini, ambalo klachi hulishika. Huzunguka karibu sana na miguu ya dereva, na ikipasuka gari likiwa mwendoni, hukata bodi kama kisu kinavyokata papai.

Nilianza na meno ya ukingoni, yale yanayoshikwa na stata. Yalikuwa yamelika sehemu mbili, si vibaya. Nikalaza rula juu ya uso wake, haukubonyea. Matundu ya bolti yalikuwa bado mviringo. Mpaka hapo ilinipendeza, na nikasema hivyo. Thuku akawatazama wenzake kama aliyeiunda mwenyewe.

Kisha nikachukua tambara na petroli, nikaanza kuitoa rangi.

"Unaharibu mali ya chama," alisema Jedida, mweka hazina.

"Rangi haina kazi humo ndani, dada. Wala hakuna atakayeiona."

Nikaipaka mafuta ya taa, nikangoja muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, nikaifuta ikawa kavu, nikainyunyizia unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda juu na kuilowesha chaki. Baada ya muda ukatokea mstari mwembamba, ukitoka kwenye tundu moja la bolti kuelekea ukingoni, urefu wa kidole cha shahada.

"Huo ni unywele," alisema Thuku.

Nikampa tambara. Akafuta, akanyunyiza chaki mwenyewe. Unywele ukarudi pale pale.

Nikaitundika kwa waya kwenye boriti, nikaigonga kwa spana. Chuma kizima hulia na kuendelea kulia. Hiki kilitoa sauti ya debe lililojaa mchanga, kikanyamaza.

"Ingekuwa mikwaruzo ya juu, ningeipeleka ikachongwe," nilisema. "Huu umeingia ndani. Siifungi."

"Wako mafundi wengine," alisema Thuku. "Wewe una maoni, chama kina katiba." Akamgeukia katibu, Njoroge, aliyekuwa tayari amefungua daftari. "Wanaosema flaiwili ni nzima, mikono juu."

Mikono mitano ikapanda. Jedida aliuchelewesha wake njiani, akaona mwenyekiti anamtazama, akaumalizia. Njoroge akaandika kwamba flaiwili imepitishwa kuwa nzima kwa kauli moja. Nilikuwa nimefanya ufundi miaka kumi na minane bila kujua kwamba chuma huungwa hivyo.

"Na dereva?" aliuliza Thuku.

"Mimi ni mwajiriwa tu, mwenyekiti," alisema Musembi. "Lakini niandikeni, naunga mkono. Ila miguu yangu haikupiga kura."

Njoroge alicheka, kisha akakohoa ili ionekane ni vumbi.

"Asiyetaka kuendesha atafute kazi kwingine," alisema Thuku.

Musembi alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Alitoa ufunguo wa pikapu, akaushika kwa muda, halafu akauweka kwenye kiganja cha mwenyekiti.

"Leseni unayo, ulituonyesha siku ya uchaguzi. Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma, juu ya magunia."

"Na mimi nitakaa nyuma," alisema Jedida.

Thuku aliitazama miguu yake. Na sisi tukaitazama. Ilikuwa miguu ya kawaida, ndani ya viatu vilivyopigwa rangi vizuri.

"Kesho nina kikao Kilifi," alisema hatimaye, akauingiza ufunguo kwenye mfuko wa shati la Musembi kwa mkono wake mwenyewe.

Njoroge akauliza aandike nini.

"Safari imeahirishwa. Barabara ya Adu imekatika kwa sababu ya mvua."

Huo ulikuwa mwaka wa ukame. Hata mbuzi walikuwa wakila makaratasi. Njoroge aliandika, akainua kalamu.

"Mvua kubwa, mwenyekiti, au ya kawaida?"

"Kubwa," alisema Thuku.