Kyule, Usivuke

Ambulensi ilikuwa imeshatoka Mwingi, na kwenye usukani alikuwa Kyule, mume wa mgonjwa mwenyewe. Hakujua kwamba mto ulikuwa umejaa. Kasiva, mama mkwe wake, aliuona kwa macho yake alipokuwa akija zahanati ya Nuu: maji mekundu yakibeba miti mizima.

Binti yake Ndinda alikuwa kitandani, mimba ya miezi minane, akivuja damu. Nesi Mumbua alikuwa amevua soksi zake na kumvika. Hata katika hofu ile, Kasiva aliliona hilo.

Mnara wa simu ulikuwa umeanguka tangu asubuhi. Ilibaki simu ya setilaiti, kama ile iliyokuwa kwenye ambulensi, nayo sauti yake ilikatika mara tatu. Mumbua akaacha kupiga.

"Mlima unatuziba, mama. Tuandike. Mawimbi yakidhoofika, simu hii hupunguza mwendo. Kila herufi inaitandaza, inairudia, mpaka isikike kwenye kelele. Itafika, lakini polepole. Nimwambie nini?"

"Mwambie, mkwe wetu, tunakusalimu katika jina la Bwana. Huku tuko, ila..."

"Mama! Hiyo ni dakika nne. Kwa tatu atakuwa mtoni!"

Kasiva aliitazama simu. Kwa miaka tisa hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina, wala kumwamuru. Neno lake kwake lilipitia kwa Ndinda au kwa watoto. Walipokutana njiani kila mmoja alimpisha mwenzake, macho chini, kwa heshima.

"Andika: Kyule, usivuke. Kasiva."

"Basi?"

"Basi. Akiona mimi nimelitaja jina lake, atajua si mchezo."

Mumbua alibonyeza. Kistari cha kijani kikaanza kutambaa kwenye kioo. Kikafika nusu, kikasimama. Ndinda aliguna. Kasiva aliushika mkono wake, ulikuwa baridi, huku macho yake yakiwa kwenye kile kistari. Kikasogea tena, kidogo, kama kinavutwa.

"Imeenda," Mumbua alinong'ona.

Jibu lilichukua muda mrefu kuliko sala.

NIMESIMAMA. MAJI YALIFIKA TAIRI. NAZUNGUKA DARAJANI.

"Darajani ni saa nzima zaidi," Mumbua alisema, akienda kuleta matofali ya kuinulia kitanda upande wa miguu.

Kasiva aliinama kwenye sikio la binti yake. "Anakuja, mwanangu. Saa moja tu. Nishike kwa nguvu."

Ndinda akamshika.