Mwombaji Ameota

Usiku wa jana niliota, na kabla hujauliza ni ipi kati ya maana mbili za neno hilo, nakujibu: zote.

Nilikuwa katika ofisi ya serikali inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Niliitambua kwa sababu ndiko nilikotakiwa kufika asubuhi, saa mbili kamili, kwa usaili wa karani wa masjala. Nafasi ni moja, imetengwa kwa mtu mwenye ulemavu. Mimi nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu, nina mkono mmoja, wa kulia, na nina miaka mitatu ya kukaa kwa mama, huko Tukuyu, nikiwachanganyia ng'ombe pumba.

Nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Palikuwa na muhuri wa mpini wa mbao, umevaa miwani.

"Karibu, Tusekile. Ofisa yuko likizo. Najigonga mwenyewe."

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Una mikono mingapi?"

"Mmoja."

"Blauzi yako ina miwili."

Nikatazama. Kweli. Mkono wa kushoto wa blauzi, ambao mama huukunja na kuubana kwa pini kwenye kiwiko, ulikuwa umejifungua na kunyooka juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Huo ni wa nguo, mheshimiwa."

"Mkono ni mkono. Ila tusigombane kwa lugha."

Nikamwambia mimi kwa lugha hugombana kila siku, ndiyo kazi pekee niliyowahi kupata. Hakucheka. Muhuri hacheki, hukauka tu.

Akafungua faili langu. "Cheti chako cha ulemavu ni cha zamani. Lazima tuhakiki kama bado."

"Bado nini?"

"Kama mkono bado haujaota."

"Ulikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe nikiwa na miaka tisa. Utaotaje?"

"Nywele zinaota. Kucha zinaota. Meno yanaota mara mbili, tena bila kibali. Serikali haiwezi kubahatisha." Akaweka miwani sawa. "Jibu kwa kiapo. Usiku huu umelala?"

"Nimelala."

"Umeota?"

Mimi ni mtu wa kusema kweli. "Naota hata sasa."

Nilipokuja kulisikia neno langu, lilikuwa limeshafika mezani. Muhuri aliruka juu, akatua kwenye faili kwa kishindo: MWOMBAJI AMEOTA.

Kiwiko kinawasha. Zinatoka kucha kwanza, tano, kama vichipukizi vya vitunguu. Vinafuata vidole, kiganja, kifundo. Sipumui. Mkono umekuja mzima, lakini ni mdogo. Ni mkono wa mtoto wa miaka tisa, na kwenye kidole cha kati bado lipo doa la wino wa kalamu, kwa sababu wakati ule niliandika kwa kushoto.

"Hongera," akasema Muhuri. "Huna sifa tena. Nafasi ni ya mwenye ulemavu."

"Basi nipeleke dirisha la wengine."

"Kule wanataka mikono inayolingana."

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni pengo," akasema kwa upole. "Pengo nalo ni nafasi, ila haijatangazwa."

Nikamwambia nina usaili, kazi naitaka, nifanyeje? Akasema upo utaratibu wa marekebisho. Mtaalamu atanihudumia.

Ukuta ukasogea, na mara tupo kwenye banda la ng'ombe la kwetu. Mtaalamu ni ile mashine ya kukatia majani. Imevaa tai.

"Dada Tusekile! Umekua!" inasema. "Tulishafanya kazi pamoja, unakumbuka? Nimekuandika kwenye wasifu wangu."

Nataka kupiga ukelele, kinatoka kikohozi. Gurudumu linaanza kuzunguka polepole. Tai inapepea.

"Ni dakika moja," anasema Muhuri. "Unaweka, unatia saini, unaajiriwa. Wengi wangeshukuru."

Nitakwambia kilichonishtua kuliko mashine. Nilipiga hatua. Miaka mitatu nyumbani si mchezo. Nilipiga hatua moja kuyaelekea yale makali, kwa ajili ya ukarani.

Mkono mdogo ukaiona hatua ile. Ukatapatapa kutafuta pa kushika, ukaangukia kidau cha wino cha Muhuri, ukalowa vidole vyote vitano. Kisha ukanikamata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ukang'ang'ania kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Kila kitu pale kilikuwa na maneno. Wenyewe tu haukusema lolote.

Nikasimama.

"Sikati," nikasema.

"Basi kazi umeikosa, na cheti umekikosa." Muhuri akaruka juu ili ajigonge kwa mara ya mwisho.

"Tusekile! Saa kumi na mbili na nusu hii, we mtoto! Usaili utakungoja?"

Mama alikuwa amesimama juu yangu, blauzi mkononi, pini pembeni ya mdomo. Kiwiko changu kilikuwa kimeishia palepale kinapoishia siku zote. Nikashusha pumzi hadi nikacheka. Nikamnyooshea mkono wa kulia aupitishe kwenye nguo.

Pini ikamdondoka.

Juu ya kifundo palikuwa na alama za wino wa zambarau: nne upande mmoja, moja upande wa pili. Ndogo. Mkono wa kulia haujishiki wenyewe, na kwetu hakuna mtoto.

Mama alilowesha kidole kwa mate, akasugua. Hazikutoka. Akaziangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyeutambua mwandiko. Kisha akaushusha mkono wa blauzi mpaka ukazifunika, akafunga kishikizo, akakivuta kuhakikisha.

"Huko wakikuuliza," akasema, "hujaota."