Jua la Kutunzwa

Tangu paneli za sola zipande juu ya paa, mwalimu mstaafu alisahau kutulia. Akiketi, mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza. Akisimama, alitoka nje kukagua mawingu. Nusu ya gharama ilikuwa kiinua mgongo chake. Nusu nyingine ilikuwa ya mkewe, fundi cherehani, aliyejiwekea akiba afungue duka. Mwalimu alimwahidi mkewe kwamba, kwa umeme ambao hawataununua tena, fedha zake zitarudi ndani ya miaka sita.

Kitunze kidumu: hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake. Vikombe vizuri vilikaa kabatini vikingoja wageni, na sola akaitunza vivyo hivyo. Aliiachia taa na redio tu. Pasi na friji vikaendelea kula umeme wa kununua. Cherehani ya umeme akaipiga marufuku, ati inakula mno, na mkewe akarudi kwenye ile ya kukanyaga mpaka magoti yakavimba. Mwaka ukaisha, gharama ya umeme iko karibu palepale, na mwalimu akaamini ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Akamwita fundi aliyezifunga paneli. Fundi hata ngazi hakupanda. Alitazama tu kifaa cha ukutani kinachoonyesha chaji ya betri.

"Betri zinajaa saa nne asubuhi, mzee. Kutoka hapo mpaka jioni paneli zinakaa bure. Mchana mnawasha nini?"

"Redio," mwalimu akajibu, kwa fahari kidogo. "Nazitunza."

"Jua la leo huwezi kulila kesho, mzee wangu. Usipolitumia, limekwenda. Hela yenu inarudi kwa kutumia, si kwa kutunza. Kwa mwendo huu, labda wajukuu ndio wataiona."

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Fundi hajafika getini, yeye yuko uvunguni mwa kitanda anapapasa.

"Mama watoto, cherehani ya umeme iko wapi? Uitumie, kuanzia sasa."

"Niliiuza mwezi uliopita," mkewe akasema, macho kwenye kitambaa. "Si uliikataza? Nikanunua dawa ya magoti."

Mwalimu akakaa sakafuni. Mguu wake ukaendelea kutikisika.

Mkewe aliutazama mguu huo. Kisha akasogea pembeni, akavuta kiti cha pili mbele ya cherehani ya kukanyaga.

"Njoo na huo mguu wako," alisema. "Una kazi hapa mpaka hela yangu irudi."