Kitabu Kisicho na Sura

Jana mchana, akiwa amelaza shavu juu ya karatasi, Anyosisye Mwaipaja, bwana shamba mstaafu wa Tukuyu, aliota kalenda yake imeshuka ukutani.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alijitapa mbele ya ukoo mzima kwamba ataandika kitabu cha maisha ya mama yao kwa siku thelathini, ili mama asomewe siku ya kutimiza miaka tisini. Hakuna aliyemwomba. Siku ishirini na saba zilikuwa zimekwisha, naye alikuwa ameandika shukrani tu, kurasa nne, akimshukuru hadi fundi aliyemtengenezea kiti.

Kalenda ikakohoa, ikamwarifu kuwa Siku ya Mwisho imefika kabla ya wakati wake na inamngoja nje.

Anatoka kwa mlango wa jikoni, anajikuta uwanja wa mpira. Siku ya Mwisho ni mama mnene aliyeketi katikati ya uwanja, anamenya karanga. Anamwuliza kitabu kina sura ngapi. Anyosisye anajibu kwamba bado, ila jalada liko tayari na picha yake mwandishi imetoka vizuri.

"Basi waone watu wako," anasema yule mama.

Watu wa kitabuni wanaingia mmoja mmoja, shangazi, mchungaji, majirani, wote nyuso laini kama mayai. Wa mwisho anamtambua kwa jinsi alivyoshika kiuno.

"Mwanangu," anasema mama yake, ingawa hana mdomo, "fundi wa kiti umempa ukurasa mzima. Sura yangu mimi iko wapi?"

Anyosisye anaona aibu. Anaandika mbiombio kwamba mama alikuwa mzuri kama malaika. Usoni pa mama inaota nyusi moja, inaanguka majanini. Siku ya Mwisho anaendelea na karanga zake.

Anaanza upya, taratibu. Anaandika siku alipokuwa mtoto mwenye homa, mama akambeba mgongoni, akavuka mto uliofurika huku akimwimbia asilale. Yanatokea macho. Unatokea mdomo, na pengo lake. Linatokea sikio la kulia.

La kushoto lilikuwa bado alipozinduka.

Simu ilikuwa inaita. Aliyepiga alikuwa mama.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Tangu mchana huu sikio la kushoto halisikii kitu, sijui limepatwa na nini."

Anyosisye alimwomba avumilie kidogo. Akakata simu, akazisukuma kando zile shukrani, akaanza kuandika jinsi mama alivyoweza kumsikia mtoto akikohoa nyumba ya tatu.